Kifuniko Chenye Nta: Tunamuaga Bwana Salman Mohamud

Ijumaa tarehe 30 Oktoba 2009, baada ya sala ya mchana, Bwana Salman Mohamud atarudisha ufunguo wa pikipiki ya Shirika la Huduma za Nafaka hapa Kitale, akiwa ametumika miaka thelathini na moja. Ni yeye mwenyewe aliyetaka niandike hivyo, kwamba anarudisha ufunguo, kwa sababu neno "kustaafu" ati linamfanya ajisikie kama gunia kuukuu. Sisi wenzake tunasema ashukuriwe Mungu. Amefika siku hiyo na miguu yake miwili na meno yote isipokuwa moja, na hilo moja nitalieleza mbele.

Bwana Kibiwott, meneja wetu, aliniomba mimi niandike ukurasa huu wa programu. Si kwa sababu ya masomo, maana shule niliacha darasa la sita. Aliniambia, "Mama Nakhungu, sisi tunamjua kwa ripoti. Wewe unamjua kwa shamba." Na ni kweli. Kwanza nilikuwa mkulima wa Sirisia, Bungoma, ambaye Bwana Salman anamfundisha. Halafu tangu mwaka 2006 nimekuwa mwenzake, mtunza stoo yetu ya Sirisia na mpishi wa chai yake. Chai hiyo nusu yake huwa imepoa, kwa sababu hakuna siku amefika saa aliyosema.

Alizaliwa hapa hapa Kitale, nyuma ya duka la baba yake karibu na msikiti. Ukoo wao ni wa biashara, tangu bibi yake Khadijo aliyekuwa akipimia watu mchele na sukari. Siku Salman aliporudi kutoka chuo cha kilimo amevaa gambuti, baba yake alimwangalia kutoka chini kwenda juu, akamwambia, "Tumekulisha unga wa kununua miaka yote na hujawahi kulala njaa. Matope unaenda kuyatafutia nini?" Bwana Salman akisimulia hiyo hucheka mpaka anamwaga chai, na mezani pangu pana alama.

Aliajiriwa mwaka 1978. Miaka ya kwanza alizunguka mashamba makubwa ya Trans-Nzoia, yale ambayo trekta ikiingia inapotelea ng'ambo ya kilima, na mbolea inamwagwa kwa mashine. Halafu mashamba yakaanza kukatwa. Baba anagawia wana, wana wanagawia wana wao, na shirika likaona liangalie pia sisi wa ekari moja na nusu ekari, kutoka Kitale mpaka Bungoma na kuteremka hadi mpakani Lwakhakha. Kuna maofisa waliona hiyo ni kushushwa cheo. Yeye aliomba pikipiki.

Alifika Sirisia mapema mwaka 2004, siku ya mvua, bila koti. Sikusikia hata salamu yake, nilikuwa naangalia vile shati limemshika mgongoni nikiwaza huyu mtu atapata homa, na ana mama yake mahali. Wenzangu hawakuwa na huruma hiyo. Mwenyekiti wa kikundi chetu, Rispah, ambaye hana breki mdomoni, alimuuliza mbele ya akina mama wote, "Ofisa, wewe ni mtu wa duka. Jembe unalijua, ama unaliuza tu?"

Bwana Salman akasema, "Nipe hilo lako, Mama, na unipe mstari ulio mrefu."

Alilima mstari mzima. Alipofika mwisho alifungua viganja tukaona malengelenge yamejaa. Akasema, "Sasa nimelijua." Tukacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena habari ya duka.

Sasa nieleze jambo lililotuleta kwake, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mimi namshukuru hivi. Mbolea kwetu ilikuwa kitu cha wenye uwezo. Sisi tulikuwa tunapanda bila, ama mtu ananunua kidogo, anatembea nyuma ya ng'ombe wa kulima akirusha konzi kwa mtaro, na mvua ya kwanza inaisomba inaenda nayo mtoni. Mahindi yanatoka membamba ya manjano. Mwezi wa nne ukifika ghala ni tupu. Lakini watu wa tumbaku walikuwa wanaleta mbolea mpaka mlangoni kwa mkulima aliyekubali kuwapandia. Mume wangu Wekoye aliona jirani zetu wanaletewa, na mimi sikumlaumu. Ni baba, alikuwa anatafuta njia.

Shida ilikuwa Nakhungu, binti yetu wa mwisho. Wakati huo alikuwa na miaka saba na kifua kibaya. Moshi wa kuni tu wa jikoni ulitosha kumlaza siku mbili. Tumbaku inakaushwa kwa banda lenye moto usiku na mchana, na shamba letu ni hilo moja, nusu ekari, mahali popote ungejenga banda ni karibu na mlango. Nilikuwa nikilala naweka mkono juu ya kifua cha huyo mtoto nisikie kama kinapanda. Basi Wekoye, ambaye naye alimwonea mtoto huruma lakini pia aliona sufuria, akasema, "Tujaribu huyu ofisa wako. Lakini mahindi ikikataa, mimi naita watu wa tumbaku." Akaenda akakata nguzo za banda kabisa, akazilaza nyuma ya nyumba. Kila nikienda kuanika nguo nilikuwa nazipita.

Mafundisho ya Bwana Salman yalikuwa rahisi. Mbolea kidogo inatosha, alisema, mradi uipeleke pale mzizi utaikuta. Usimwage. Chimba shimo, weka kipimo, funika na udongo kidogo ili mbegu isiungue, ndipo uweke mbegu mbili. Kipimo chenyewe kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda, kimoja kwa mashimo mawili, kimesawazishwa juu. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya kifuniko, tap, punje zilizozidi zinarudi kwa ndoo. Kila mama alipata ndoo ndogo moja, na alituapia kwamba inamaliza nusu ekari.

Haikumaliza. Mvua ya mwaka huo ilikuwa nzuri, lakini mahindi yalipofika magotini ungesimama juu ya barabara uone aibu yetu: kila shamba lilikuwa na rangi mbili. Mwanzo wake ni kijani cheusi, na kwingine mbegu zimeungua hazikutoka. Kuanzia katikati ni manjano mpaka mwisho. Mashamba yote ya kikundi, kana kwamba yalikatwa na kisu kimoja.

Bwana Salman alifika na kusimamisha pikipiki bila hata kuizima. Nilimwona uso umebadilika. Akauliza, "Nani ameuza mbolea?"

Hapo Rispah alivua kitambaa cha kichwa, na huyo akivua kitambaa ujue kuna maneno. "Kuuza? Ofisa, tumewekea mahindi yako kwa mikono yetu mpaka ikaisha! Wewe ndiye ulipima vibaya."

"Niliwaonyesha. Nionyeshe ulivyofanya, Mama."

Rispah akachota. Wenzangu, kile kifuniko kilikuwa na Mlima Elgon wake juu. Kwa uangalifu kabisa, punje moja isianguke. Na akaweka kwa shimo moja, si mawili.

"Na kusawazisha?"

"Bwana Salman," Rispah akamwambia, sasa kwa upole, kama mtu anaeleza mgeni, "ukija kwangu nikupimie gorogoro ya mahindi halafu nipitishe mkono juu niondoe ule mlima, si utaenda ukisema Rispah ni mchoyo? Na ati mashimo mawili kifuniko kimoja. Hiyo ni watoto wawili soda moja. Watapigana."

Asiyejua kwetu ajue kwamba hakuna mtu anauza gorogoro, ule mkebe wetu wa kupimia, bila mlima. Hata mkiwa mmekosana, hata akiwa na haraka, ataongeza mpaka ianze kumwagika pembeni. Kusawazisha ni tusi. Na kwa kitu unachokipanda, kitu unachotaka kikue, mkono wenyewe unakataa.

Nilitarajia atatufokea. Alizima pikipiki, akakaa juu ya jiwe, akaanza kucheka polepole. Akasema bibi yake Khadijo alikuwa hivyo hivyo na mchele, na kwamba babu yake alimlalamikia ule mlima mpaka babu akaenda kaburini, na bibi hakuuondoa. "Mimi ni mjukuu wake," akasema, "na nimekuja hapa kuwaambia mpime kama benki."

Lakini kucheka hakukujaza ghala. Tulivuna vibaya. Wekoye alienda nyuma ya nyumba akazigeuza zile nguzo ili zisiliwe na mchwa. Bwana Kibiwott naye, nimeambiwa baadaye, alikuwa amemwambia Bwana Salman kwamba kazi ya Sirisia ifungwe. Ilibidi aombe msimu mmoja zaidi. Kwa hivyo mwaka 2005 sisi wote tulikuwa na msimu mmoja: yeye na meneja wake, mimi na Wekoye.

Kwanza alituletea vijiti vya kusawazisha, vimechongwa vizuri, vya kupitisha juu ya kifuniko. Tukajaribu na mchanga, yeye akitazama. Rispah alisawazisha vizuri sana, halafu zile punje zilizobaki juu ya kijiti akazipangusa ndani ya shimo. "Zisipotee," akasema. Bwana Salman aliangalia angani.

Aliondoka na vile vijiti. Siku chache baadaye alianza kuonekana kwa vibanda vyote kutoka Matisi mpaka Lwakhakha akiokota vifuniko vya soda. Miaka hiyo kulikuwa na zawadi chini ya vifuniko, ukikwangua ndani unapata soda ya bure ama redio, kwa hivyo watu walidhani ofisa mzima wa shirika ameshikwa na tamaa ya redio. Mwenye kibanda mmoja wa Lwakhakha alimwambia, "Mzee, hivyo vyote nimekwangua. Rudi tu nyumbani." Yeye akasema asante, akaweka mfukoni.

Kumbe nyumbani kwake Matisi alikuwa ameyeyusha mishumaa yote ya mke wake. Alimimina nta ndani ya kila kifuniko karibu kijae, ikabaki sehemu ndogo tu juu. Stima ilipopotea jioni hiyo, Mama Fardosa akafungua kabati akakuta karatasi za mishumaa bila mishumaa. Ameniambia mwenyewe kwamba alimuuliza, "Salman, sasa tule gizani ili mahindi ya watu wapate adabu?"

Alirudi Sirisia na mfuko mzima wa vifuniko vyenye matumbo meupe. Akampa Rispah kimoja, akasema, "Jaza, Mama. Weka mlima mpaka utosheke. Na kila shimo lina kifuniko chake, hakuna kugawana."

Rispah akajaza, akaweka mlima, akauangalia. Akaona ni mdogo lakini ni mlima. Akasema, "Sasa hii ni kupima kwa watu." Na ule mlima mdogo juu ya nta, wenzangu, ndio ulikuwa kile kipimo chake cha mwanzo, nusu ya kifuniko kilichosawazishwa. Hakubadilisha mikono yetu. Alibadilisha kifuniko.

Bwana Kibiwott atanisamehe nikisema alivyopokea habari hiyo, maana mwenyewe huisimulia. Alisema, "Nta? Salman, kwenye ripoti niandike nta?" Akajibiwa, "Andika kipimo kilichoboreshwa." Ukiona maneno hayo kwa ripoti zetu za mwaka huo, ujue ni mishumaa ya Mama Fardosa.

Tukapanda. Nikwambie ukweli, ilikuwa inatisha. Ukiangalia zile punje chache chini ya shimo unaona kama unamlisha ng'ombe kwa kijiko. Jirani yetu Wabwile, ambaye tumbaku yake ilikuwa imesimama vizuri, alikuwa akipita anasema, "Mama Nakhungu, unawapa mahindi dawa ya minyoo?" Ndoo yangu ilifika mwisho wa shamba na konzi moja ikabaki. Hiyo konzi sikuitupa mahali, niliifunga kwa karatasi ya nailoni nikaiweka juu ya kabati.

Mwezi wa tano mvua ikasimama. Majani yakaanza kujikunja mchana. Nakhungu naye akashikwa na kifua wiki hiyo hiyo, na Wekoye alikuwa ameenda sokoni akarudi na misumari. Bwana Salman alipokuja nilimfuata mpaka katikati ya shamba ili mume wangu asisikie, nikamuuliza, "Hii itafika?"

Angeweza kunidanganya, na ningemshukuru. Alichuchumaa akachimba kando ya mhindi mmoja kwa vidole, akanionyesha mizizi. Ilikuwa imeshuka chini imejaa kama nywele, pale kipimo kilipokuwa. Akasema, "Imekula, Mama Nakhungu. Iko na nguvu ya kungoja. Lakini mimi pia naogopa." Tukasimama hapo wawili tukiogopa. Sijui kwa nini nilipata usingizi siku hiyo.

Mvua ilirudi. Tukapalilia, tukaweka mbolea ya kukuzia kwa kifuniko kile kile, kando ya shina, si ndani ya majani. Ikifika mwezi wa saba hungeona Wekoye akisimama ndani ya shamba letu, na ni mtu mrefu. Lilikuwa la rangi moja kutoka barabarani mpaka mtoni.

Siku ya kupukuchua, magunia yalianza kupangwa kwa ukuta wa nyumba ya mbele. Yalipofika dirishani, Wekoye aliacha kazi akatoka nje. Nikadhani ameona kuna kitu kimeharibika. Nikasikia anaburuta kitu. Alikuwa analeta zile nguzo za banda la tumbaku. Akazitupa uani, akashika kiuno, akasema, "Ghala ya zamani ni ndogo. Nyinyi mnaangalia nini? Leteni nyundo."

Misumari tayari ilikuwepo. Banda la tumbaku halijajengwa kwetu mpaka leo.

Nilisema nitaandika juu ya Bwana Salman na sasa nimejaza ukurasa na shamba langu. Lakini hiyo ndiyo kazi yake. Ukienda kwa boma nyingi kati ya Sirisia na mpaka utasikia hadithi kama yangu, na kifuniko chenye nta kimefungwa kwa kamba mlangoni. Mwaka 2006 shirika lilifungua stoo Sirisia na Bwana Salman akasema mtunza stoo awe mtu anayejua kuogopa, ati mtu kama huyo hapotezi gunia. Ndivyo nilivyopata kazi.

Mwaka jana ndio tulimwona vizuri. Baada ya ule mwanzo mbaya wa mwaka 2008, zile ghasia za uchaguzi, mbolea ilipanda bei mpaka hata wenye uwezo walianza kuhesabu. Watu wa mashamba ya huku juu Kitale, waliokuwa wakituona sisi wa Bungoma kama watu wa kuokota okota, waliteremka wenyewe kuuliza habari ya vifuniko. Bwana Salman alikuwa akiondoka asubuhi Kitale, mchana yuko kwangu, jioni yuko Lwakhakha. Maduka ya Matisi yaliishiwa mishumaa mara mbili. Hakuna kikundi chetu hata kimoja kilichoacha kupanda mwaka huo. Hilo Bwana Kibiwott atalisoma kwa hotuba yake, kwa hivyo mimi naliacha hapo.

Mavuno ya mwaka huo yaliangukia Ramadhani. Alikuwa akishinda juani akipima magunia yetu bila tone la maji, na akina mama walikuwa wakificha mahindi ya kuchoma nyuma ya nyumba kwa heshima. Akasikia harufu, akapaza sauti, "Chomeni bana! Mimi nimefunga, pua yangu haijafunga." Tangu hapo kila jioni ya mwezi huo Rispah alimfungia mahindi mawili ya kufungulia, makubwa kuliko yote shambani. Kulingana na Rispah, kubwa maana yake ni kubwa.

Na lile jino. Lilibaki kwenye barabara ya Lwakhakha mwaka 2007, kwa kidaraja kile cha mbao, pikipiki ilipoteleza na mfuko wa mbegu ukamwangukia yeye badala ya yeye kuuangukia. Alifika stoo anavuja damu, kitu cha kwanza akauliza kama mbegu zimelowa. Nilimwosha uso huku nikimgombeza kama mwanangu, na yeye amenizidi miaka. Siku hiyo tukafanya sheria. Akifika kwake Matisi anipigie flashi, mara moja tu, nisipokee. Miaka hii yote, simu yangu ikilia mara moja jioni na kunyamaza, nyumbani kwangu watu wanasema pamoja, "Ofisa amefika." Siku za mvua ilikuwa ikichelewa, na mimi ugali haushuki. Ndiyo maana wenzangu wakisema wanasikitika anaondoka, mimi nasikitika pia, lakini niwe mkweli: nimepumua. Hiyo pikipiki sasa ipande mtu mwingine, na mama yake ashughulike.

Sherehe itafanyika uwanjani hapa ofisini Kitale. Baada ya hotuba kutakuwa na wimbo kutoka Sirisia, akina mama wa kikundi. Anayeanzisha ni Nakhungu wangu, ambaye sasa yuko darasa la sita na urefu wa baba yake. Wimbo una beti nne na anaziimba zote bila kusimama mahali. Wakati wa mazoezi mimi bado nilikuwa nikisikiliza kati ya maneno, kwa mazoea, nikingoja kukohoa. Hakuna. Bwana Salman, ukimsikia akivuta pumzi kabla ya kiitikio, ujue hiyo ni yako pia.

Mama Fardosa atapika pilau. Sisi tumeomba nafasi moja tu mezani, tulete ugali wa unga kutoka ile nusu ekari, na kuku wa Rispah. Na sahani yako atakupakulia Rispah mwenyewe. Itakuwa na mlima. Tafadhali kidole gumba kikae mfukoni. Miaka thelathini na moja umetupimia kwa uangalifu, siku hiyo hakuna kusawazisha.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote na akina mama wa vikundi, asante kwa matope, kwa malengelenge, kwa mishumaa. Mungu akupe uzee wenye kivuli na chai ya moto, na wewe na Mama Fardosa muwe na afya nyumbani kwenu.

Halafu ukifika Matisi, hata kama ni mara ya mwisho, piga flashi.

Mama Nakhungu,
Stoo ya Sirisia